Bawa la Nyuma na Deni la Mbele

Mwanza tuna mawe yaliyokaa juu ya mawe tangu enzi na enzi bila gundi, na labda ndiyo maana watu wa hapa hawashangai sana kitu kikikaa mahali ambapo kwa akili ya kawaida hakikutakiwa kukaa. Spoila kubwa juu ya buti la Carina Ti, kwa mfano. Utaiona Barabara ya Makongoro jioni: gari limeshushwa springi, rimu zinameta, na nyuma limesimamisha bawa refu la miguu miwili kama yale ya magari ya mashindano. Gari lenyewe liko kwenye foleni, linakwenda mwendo wa bajaji iliyo mbele yake. Pembeni hakosi mtu wa kusema, "Hilo nalo linataka kuruka liende wapi?" Watu wanacheka. Mwenye gari naye anacheka, maana ameshaonekana.

Mimi si mtu wa magari. Ni mtu wa vitabu na habari, na kilichonivuta kwenye hilo bawa ni swali ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalitambua haraka kwa sababu tunalijadili kila siku tukizungumzia mashairi na riwaya: pambo lililovaa umbo la kazi, je, ni uongo? Bawa linasema "mimi ni wa mbio". Gari halijawahi kukimbia wala halitakimbia. Nani anadanganywa hapo, na kwa hasara ya nani?

Kwanza tuelewane hilo bawa hufanya nini linapokuwa kazini. Bawa la ndege limeumbwa ili hewa inayopita juu na chini yake ilinyanyue. La gari ni lilelile limegeuzwa kifudifudi, ili hewa ilikandamize. Faida yake ni ya ajabu kidogo ukiifikiria: tairi zinashika lami kama vile gari limebeba mzigo, ila mzigo haupo. Ukipakia magunia ya mahindi, tairi zitashika zaidi, lakini kwenye kona magunia nayo yatataka kwenda moja kwa moja, na ukifunga breki yatakusukuma. Bawa linakupa mkandamizo wa magunia bila magunia yenyewe. (Spoila hasa, ile midogo iliyobanana na buti, kazi yake ni tofauti kidogo: inakatisha mkondo wa hewa ili nyuma isinyanyuke. Mtaani zote ni spoila, na sitagombana na mtaa.)

Sasa kuna sharti moja. Nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Tuchukue bawa linalokandamiza kilo 100 gari likiwa kilomita 200 kwa saa. Kwenye kilomita 100 linabaki na kilo 25. Kwenye kilomita 50, ambayo ndiyo spidi ya mwisho kisheria mjini kwetu, linabaki na kilo sita na ushee. Huo ni mfuko wa unga wa kilo tano na sukari ya kilo moja. Kwenye foleni ya Makongoro haliwezi kukandamiza hata kitumbua.

Kwa hiyo ni pambo, hereni ya gari. Adolf Loos, msanifu majengo wa Austria, mwanzoni mwa karne iliyopita aliandika insha maarufu akiyashambulia mapambo kama nguvu kazi ya mafundi iliyotupwa bure. Nikimsoma huwa namwona akishuka pale Mwaloni, Kirumba, asubuhi mitumbwi ya dagaa inapoingia, na kila mtumbwi umepakwa rangi na kuandikwa maneno ya kujisifu, ya kumshukuru Mungu, ya kumsema jirani. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililowahi kuvua dagaa. Angetaka yafutwe? Na daladala je? Na kanga? Ustaarabu wetu kwa kiasi kikubwa ni maandishi juu ya vitu ambavyo vingefanya kazi vilevile bila maandishi. Mtu aliyefunga bawa kwenye Carina ameandika shairi lake kwa herufi za Kijapani, basi. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu kila mtu barabarani, kuanzia dereva wa bodaboda hadi mama muuza mahindi, anajua lile gari haliendi popote kwa kasi.

Tena mfano mbaya kuliko huo umetoka upande wa pili, kwa wale waliokataa pambo. Mwaka 1998 Audi walitoa gari dogo la michezo, TT. Lilisifiwa duniani kote kwa usafi wa umbo lake: paa la mviringo, mkia wa mviringo, hakuna kilichochomoza. Wapenda usanifu walilipenda kama tunavyopenda sentensi isiyo na kivumishi cha ziada. Lakini mgongo wa mviringo unafanana mno na mgongo wa bawa la ndege. Huko Ujerumani, kwenye zile barabara kuu zenye vipande visivyo na kikomo cha mwendo, nyuma ya gari ilikuwa inanyanyuka, na dereva akibadili njia ghafla au akiachia mafuta kwenye kona, mkia unampita. Watu walikufa. Kiwanda kikayaita magari yarudi, kikayafanyia marekebisho, na mojawapo lilikuwa kuyafunga spoila ndogo kwenye buti. Wapo waliolalamika kwamba gari limeharibiwa sura. Hapo, nadhani, ndipo palipokuwa na uongo hasa: umbo lililosema "nimekamilika" wakati halijakamilika. Pambo la Makongoro linaongeza kisichohitajika. Usafi ule uliondoa kilichohitajika, tena kwenye gari ambalo lingekwenda kweli kwa mwendo huo.

Ningeweza kuishia hapo, nikiwa nimewatetea vijana wa Mwanza na kila mtu akaenda zake. Lakini kuna siku nilikaa gereji moja ya chini ya mwembe, upande wa Nyakato, nikisubiri gari la rafiki, na nikaona bawa likifungwa. Swali langu likabadilika.

Fundi ni mtu mzima, nilimpa shikamoo. Mwenye gari alikuwa kijana wa ishirini na kitu, anaitikia simu mbili kwa zamu. Bawa lilikuwa la faiba, limeshapakwa rangi. Ubishi wao ulihusu mahali pa kulikalisha.

"Mzee, irudishe nyuma zaidi. Na miguu iwe mirefu, ionekane mpaka kwenye kioo cha aliye mbele yangu."

"Ikirudi hivyo inatoka nje ya buti. Bolti nitazipigilia hewani?"

Kwa fundi, mahali pa bawa lilikuwa suala la bolti. Kwa kijana lilikuwa suala la macho. Suala la hewa halikuwa na mwakilishi kikaoni, na kwa kweli lilikuwa la kuvutia kuliko yote mawili. Chukua gari ambalo ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana mita mbili na nusu, ufunge bawa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Likikandamiza kilo 100, ungetegemea tairi za nyuma zipate kilo 100. Hapana. Zinapata 140. Zile 40 za ziada zimetoka mbele. Ekseli ya nyuma imegeuka kuwa jiwe la kuwekea ubao wa watoto wa kubembea: ukikaa mwisho wa upande mmoja, wa upande wa pili anapaa. Kadiri unavyolirudisha bawa nyuma, ndivyo mkia unavyoshika na ndivyo pua inavyokuwa nyepesi. Kwenye kona ya kasi unakata usukani, na gari linakusikiliza nusunusu, pua inataka kwenda kule ilikokuwa ikienda. Kwa hiyo waunda magari ya mashindano wakiongeza bawa nyuma huongeza na kitu mbele, kisahani chini ya bampa au bawa la pua, ili walipe walichokopa. Na Carina huvutwa na tairi za mbele. Zinazovuta, zinazokata kona na zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki ni hizohizo, na ndizo bawa linazozinyang'anya.

Kwa mwendo wa mjini, ndiyo, ni kunyang'anya kwa gramu. Lakini nilipoinama kuangalia hizo tairi za mbele nikaona kitu kingine. Zilikuwa zimekwisha. Upande wa ndani ulikuwa laini kama kiganja.

Nikamwambia, "Dogo, mbele huna tairi."

"Zinasogea hizo, braza. Mwisho wa mwezi nabadilisha."

Hapo ndipo hesabu ya ekseli iliponirudia kwa namna nyingine. Lile bawa halihitaji kilomita 200 ili liikope pua ya gari. Lilikuwa limeshaikopa gari likiwa limesimama chini ya mwembe. Hewa inasubiri mwendo, pesa haisubiri. Faiba, rangi, bolti, mkono wa fundi: vyote vililipwa kutoka mfuko uleule ambao ungenunua tairi. Na tofauti na hewa, deni hili halipungui ukienda taratibu. Kwa kilomita 50, mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, mtoto akivuka pale Buzuruga, ni deni kamili.

Basi swali la uongo wa pambo nimeliacha. Swali ninalobaki nalo ni hili: mtu anapoongeza uzito upande anaoupenda, nani ana wajibu wa kuangalia upande uliopungua?

Nilimuuliza fundi baadaye, kijana alipokwenda kutoa hela kwa wakala. Tairi aliziona. "Akileta gari kwa spoila namfanyia spoila," alisema. "Nikianza habari ya tairi ataona namtafutia hela. Wenzangu wameshawazoesha hivyo." Jibu hilo nimelizungusha kichwani sana, maana si jibu la mtu asiyejali. Anasema onyo limepoteza thamani kwa sababu limeuzwa mno. Fundi mwongo wa jana amemziba mdomo fundi mkweli wa leo, na anayelipa ni mtoto wa Buzuruga ambaye hakuwa mteja wa yeyote kati yao.

Wajibu wa kuangalia upande uliopungua, wakazi wa ziwa hili tumeulipia. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikirudi Ukara. Kilijengwa kwa watu 101. Kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na mizigo ya gulio. Kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, watu wanaliona kabisa, abiria wakasogea upande wa kushukia, kikalala. Walikufa watu zaidi ya 220. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa njiani kuja Mwanza, ikaua mamia, na makaburi ya wengi wao yako Igoma, hapahapa mjini.

Sifananishi msiba na spoila, jamani, msinielewe vibaya. Ninachotazama ni umbo la kosa. Abiria wa MV Nyerere aliyesogea hatua tatu kuelekea gatini hakufanya ubaya wowote. Kila mtu aliyewahi kupanda kivuko anasogea. Hatua zake tatu zilikuwa na akili zikitazamwa peke yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye kukitazama chombo kizima, mwenye mamlaka ya kusema "rudini", na kabla ya hapo, kule Bugolora, mwenye kusema "mmetosha". Abiria haoni upande wa pili kwa sababu ameupa mgongo. Ndiyo maana yupo nahodha, ndiyo maana wapo wakaguzi, na ndiyo maana hasira yetu, kwa haki kabisa, haikuwaelekea waliosogea.

Kwa mantiki hiyo simlaumu sana yule dogo. Yeye ni abiria aliyeona gati. Fundi ndiye alikuwa chini ya gari.

Wahandisi wenyewe, pamoja na hesabu zao zote, wamewahi kuusahau upande wa pili. Mwaka 1999 Mercedes walipeleka Le Mans magari yao ya CLR, marefu pua na mkia, ekseli zimekaa karibukaribu. Kwenye mazoezi ya Alhamisi gari la Mark Webber lilinyanyuka pua na kuruka hewani. Likatengenezwa. Jumamosi asubuhi likaruka tena, yeye akiwa ndani. Mara mbili! Timu ikaongeza vibawa vidogo mbele, ikawaonya madereva wasimfuate mtu kwa karibu mno, ikaingia kwenye mashindano. Saa chache baadaye gari la Peter Dumbreck likapaa, likapita juu ya uzio, likaangukia miongoni mwa miti. Alitoka hai, ndipo timu ikaliondoa gari lililobaki. Hao hawakukosa maarifa. Gari lilikuwa limewaambia, tena kwa sauti, wakasikia, na wakaamua kwamba gharama ya kutokimbia ni kubwa kuliko gharama ya pua nyepesi. Na aliyekuwa ndani ya gari si aliyekuwa akipiga hesabu.

Nikitafuta riwaya ya Kiswahili inayolijua jambo hili, sihitaji kwenda mbali na ziwa. Euphrase Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, na *Rosa Mistika*, riwaya yake ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, imeanzia kisiwani hapo. Wengi huisoma kama hadithi ya binti aliyepotoka. Mimi naisoma kama hadithi ya bawa lililofungwa nyuma mno. Zakaria, baba mlevi, anamkandamiza Rosa: kipigo kwa sababu ya barua ya mvulana, ulinzi, woga. Mkia wa yule binti unashika lami barabara. Shuleni anawakimbia wavulana, na yeyote angesema malezi yamefaulu. Lakini kila kilo ya woga iliyowekwa nyuma imetolewa mbele, kwenye uwezo wake wa kujiongoza mwenyewe, na hilo halionekani mpaka mwendo uongezeke. Alipokuwa mbali na jicho la baba, kona ya kwanza ikaja. Tunajua ilivyoishia. Zakaria hakukosea kwa kutaka binti yake awe salama. Aliongeza upande aliouona, na hakuwahi kuuliza usukani wa mtoto umebaki na nini.

Kuna pingamizi, na ni la haki. Neno "mizani" limetumika vibaya sana. Kila anayetaka jambo lisifanyike husema tusivuruge mizani. Mwajiri husema hivyo, mwanasiasa husema hivyo, mume asiyetaka mkewe asome husema hivyo. Na kwenye kazi yangu mimi, "kuweka mizani kwenye habari" mara nyingi maana yake ni kumpa aliyefukuzwa kwenye shamba aya tatu na aliyemfukuza aya tatu, halafu mhariri analala usingizi. Kama hiyo ndiyo mizani, bora spoila.

Lakini magari yenyewe hayasemi hivyo. Gari la mashindano halitengenezwi ili mbele na nyuma vikandamizwe sawa kwa sawa. Kwa kawaida hutakiwa nyuma ikamatwe na hewa zaidi kidogo kuliko mbele, ili likiyumba lijinyooshe lenyewe. Ni siri ya mshale: manyoya yako nyuma. Mshale wenye manyoya sawa mbele na nyuma ungekuwa na usawa mzuri sana wa kuutazama, na ungepotelea porini. Kwa hiyo mizani haina maana ya nusu kwa nusu, wala kuacha kila kitu kilivyo. Wapo ambao lazima uwape uzito zaidi ili chombo kizima kinyooke, na huyo aliyefukuzwa shambani ni mmoja wao. Ninachodai ni kidogo zaidi: ukiongeza, jua umetoa wapi. Kama umetoa mahali panapoweza kupungukiwa, sawa, ongeza na urembe. Kama umetoa kwenye tairi zinazokata kona, mtu fulani mbele ya gari lako ameshiriki kukulipia hilo bawa bila kuulizwa.

Na fundi? Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Kuogopa kuonekana unatafuta hela ni sababu ya kuchagua maneno vizuri. Si sababu ya kunyamaza. Angeweza kusema, "Tairi sikuuzii mimi, kanunue unakotaka, ila buti silitoboi leo." Angempoteza mteja, inawezekana. Kijana angelipeleka gari gereji inayofuata, mita 200 mbele, na bawa lingefungwa kabla ya magharibi. Hilo nalo nalijua, na sina jibu lake zuri. Ila tairi mbili za mtumba zingepatikana kwa hela ileile aliyokwenda kutoa kwa wakala, na bado ingebaki ya rangi.